Nilivyobuni nchi ya walowezi kando ya msitu wa kale

Simulizi yangu ya kwanza ya kubuni ilikufa ikiwa sehemu ya 9. Nilianza na wasomaji 41, kila mmoja akinitumia shilingi 500 kwa sehemu moja, nami nawarushia kwenye simu kila Ijumaa usiku nikishafunga duka. Duka lenyewe ni la kuchapa na kutoa kopi, liko Ngamiani hapa Tanga, na kompyuta ninayochapia barua za watu mchana ndiyo niliyokuwa nikiandikia usiku. Kufika sehemu ya 9 walikuwa wamebaki 12, na watano kati yao ni ndugu zangu. Niliukodolea macho ule ukurasa mpaka saa saba usiku, nikalia, nikazima kompyuta.

Nayaeleza haya kwa sababu wapo vijana wanaoniuliza namna ya kubuni nchi ambayo haipo, na nikiwajibu kwa ujumbe wa simu naishia kuwapa nusu ya maneno. Nusu nyingine ndiyo iliyonigharimu.

Wazo lenyewe silijutii. Watu wamechoka na watawala wa pwani, wamebeba watoto na mbegu, wamekwenda kuishi kando ya msitu mkongwe ambako hakuna mfalme wala mtoza kodi. Kila kaya inajitegemea, na wakigombana wanahukumiana wenyewe. Niliharibu kwenye kuliandika. Niliwajengea ngome za mawe. Nikawashushia theluji, kitu ambacho sijawahi kukiona kwa macho yangu. Walikula mkate na jibini, wakapanda farasi, kila mwanamume ana upanga, na jembe halikutajwa hata mara moja. Nchi niliipa jina la Kizungu. Msitu ulikuwa giza tu, na ndani yake zimwi linangoja kuuawa.

Aliyeniamsha ni msomaji mmoja wa Muheza, mwalimu mstaafu. Alinitumia ujumbe wa sauti, kwa upole kabisa: "Mwanangu, mkono wako mzuri. Lakini hawa watu wako wanakula nini? Sehemu tisa sijaona mtu analima. Halafu huo msitu, ni wa nani?"

Nilikasirika siku tatu. Ya nne nikampigia mama mdogo, aliyeolewa juu kule milimani, tarafa ya Amani, nikamwomba nikakae kwake wiki mbili. Akaniuliza kama nimeachika. Nikamwambia nakuja kutazama msitu. Akasema, "Haya, njoo. Uje na papa mkavu."

Safari hiyo ilinila shilingi 94,000 pamoja na nauli, bodaboda, sukari, sabuni na huyo papa. Sikufungua duka wiki mbili, kwa hiyo hesabu halisi ni kubwa zaidi. Ukitoka Muheza unapita michungwa, kisha mitiki ya Longuza iliyosimama kwa mistari kama wanafunzi paredi, halafu gari linaanza kupanda na kukata kona. Kule kwenye mitiki nilijiambia, msitu ndio huu. Nilipofika juu nikaona nilikuwa nimejidanganya. Shamba la miti lina umri mmoja na kimo kimoja, na unaona mpaka mwisho wake. Msitu wa kale una miti iliyosimama, iliyoanguka, inayooza na inayoota juu ya ile iliyooza, na ukitupa macho hatua ishirini mbele yako yanagonga majani. Huwezi kuuandika kwa neno giza. Tangu siku hiyo naanza na kinachosikika na kinachonuka. Kinachoonekana nakiweka mwisho.

Kosa la kwanza nililifanya siku ya pili. Nilitoka asubuhi na daftari, nikawa napita mipakani nachora mahali masale, ile mimea ya kuwekea mipaka, yalipopandwa na kuuliza watu shamba hili la nani, lile la nani. Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kuna mwanamke wa mjini anapima ardhi. Vijana wawili walinisimamisha njiani, wasiniguse, lakini maneno yao yalinitetemesha miguu. Nilikuwa sijajua historia ya pale. Miaka ya 2000 wakulima wa ukanda wa Derema, waliokuwa na iliki zao, walilipwa fidia ya mazao wakaupisha ukanda ule uhifadhiwe uunganishe misitu. Mtu aliyeishi na habari hiyo akiona daftari kwenye mpaka hawazi simulizi. Mama mdogo alinishika mkono akanipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji wa kijiji, nikasaini kitabu cha wageni, nikaeleza nilichofuata. Ningeanza na hapo nisingelala na hofu usiku ule. Ukienda mahali kujifunza, jitambulishe kabla hujatoa kalamu, na uende na mwenyeji anayejulikana.

Lakini fedheha ile ndiyo iliyonipa sura ya kwanza nzuri niliyopata kuandika: mgeni mwenye daftari anaingia kwenye nchi ya watu huru, na watu huru wanatetemeka. Wao hawaogopi upanga, wanaogopa karatasi.

Baada ya hapo niliacha kuuliza maswali ya kitabuni. Nilimfuata mama mdogo shambani. Kwetu Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na tunalisema kwa mahaba, maana mji wetu umezoea wapita njia. Juu kule msemo unaotawala ni ule mwingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilikuwa nausikia tangu utoto nikidhani ni wa kuwasimanga wageni wavivu. Siku ya tatu mama mdogo alinipa jembe kweli, na nilipolishika ndipo majirani wakaanza kunisalimia kwa jina. Nikaelewa kwamba jembe ndilo linalomhamisha mtu kutoka ugeni kwenda ulowezi. Nikalifanya sheria ya nchi yangu mpya: anayefika anakula bure siku mbili bila kuulizwa alikotoka, na ya tatu analetewa jembe mbele ya watu. Akilipokea ana haki ya kusemwa na kusema. Akilikataa anapewa chakula cha njia na kusindikizwa mpaka mtoni. Sheria hiyo moja imenizalia sehemu nne za simulizi. Ningekuwa na ngome nisingeifikiria.

Jina nalo lilibadilika huko huko. Sikia mahali panavyoitwa: Kwamkoro, Kwamtili. Masikio yangu yakasikia kwa-fulani, mtu na makazi yake katika neno moja. Nikatupa lile jina la Kizungu nikaita kijiji changu cha kwanza Kwamsheni, cha pili Kwanamkasi, na kila jina nikaliandikia mtu wake kwenye daftari: nani huyu, alifika na nani, alikufa vipi. Kutaja jina ni kudai kitu. Lile ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu wa Usambara, ambalo leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima, ofisa mmoja wa utawala wa Kijerumani alilikuta mwaka 1892, akalipeleka kwao, na mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Wenyeji walikuwa wakipita kando yake miaka yote. Nilipoijua habari hii nikaandika mhusika anayezunguka mipakani akiyapa vitu majina mapya, na wasomaji walimchukia kuliko walivyowahi kumchukia zimwi.

Swali la mwalimu, msitu ni wa nani, lilinichukua muda zaidi. Mwongozaji aliyetuzungusha hifadhini alisema misitu hii ya Milima ya Tao la Mashariki imekuwepo takribani miaka milioni 30, kwa sababu mawingu ya Bahari ya Hindi hayakuacha kuinyeshea hata maeneo mengine yalipokauka. Namba hiyo haikunishika. Kilichonishika ni bahari. Ni bahari yetu hii ya Raskazone! Unyevu unatoka huku chini, unapanda, unakamatwa na majani, unashuka kuwa Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalotupa maji watu wa jiji la Tanga. Nimekoga maji ya msitu ule tangu nizaliwe bila kuujua. Nilirudi kwenye ramani yangu ya kubuni, ambayo ilikuwa na msitu juu na pwani chini kama vitu viwili visivyojuana, nikachora mto. Mto ulipopita, kila kitu kikadaiana: watawala wa pwani walioachwa na walowezi wanakunywa maji yanayopita mikononi mwa walowezi hao hao. Vita ikawa na sababu. Kabla hujaandika neno moja la nchi yako, chora maji yanatoka wapi na nani anayanywa wa mwisho.

Zimwi nililiondoa. Badala yake nikaweka iliki. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima anafyeka miche na vichaka vya chini, anaacha miti mikubwa, na ukitazama kwa mbali unaapa msitu upo. Kumbe hauna watoto. Miaka inapita, mavuno yanapungua, mkulima anasogea mbele, na ile miti mikubwa ikianguka hakuna wa kurithi nafasi yake. Mama mdogo alinionyesha sehemu ya namna hiyo kwa kidevu tu, hakutaka kuisema. Hakuna ubaya wa mtu mmoja pale. Kulikuwa na ada za shule na bei nzuri ya iliki. Nilivyowaandika walowezi wangu wakifanya vivyo hivyo, kwa sababu za haki kabisa, nililia tena, ila kilio hiki kilikuwa cha namna nyingine.

Na msitu una walowezi wake. Kuna mti, Maesopsis, ulioletwa Amani kutoka nje wakati wa majaribio ya miti. Matunda yake ndege hondohondo huyapenda, huyabeba tumboni na kuyapanda popote penye uwazi, na sasa umeenea ndani ya msitu kama mwenyeji. Mwongozaji alipotuonyesha nilisimama chini yake muda mrefu, na simu ikaniishia chaji nikiurekodi ule mlio wa mabawa ya hondohondo.

Usiku tulikaa jikoni, na baba mdogo, ambaye ni Msambaa wa Vugha, alitusimulia habari za Mbegha. Nilikuwa nimeisikia shuleni kwa mistari mitano. Yeye aliisimulia usiku mbili. Mbegha alifukuzwa kwao Nguu, akazunguka na mbwa wake akiwinda nguruwe mwitu waliokuwa wakila mashamba ya watu. Kila alipopita aligawa nyama, watu wakampa vyakula vya shambani. Wakaanza kumpelekea na magomvi yao awaamue. Mwisho akafika Vugha, akaua simba, na watu wakamwita Simba Mwene, mfalme. Baba mdogo alimaliza akanyamaza, akachokonoa moto.

Mimi sikulala. Nilikuwa nimeandika sehemu tisa nikitafuta adui wa kuwapokonya walowezi wangu uhuru kwa majeshi, na kumbe mtawala aweza kuingia kupitia jikoni. Amekulisha, ameamua kesi yako kwa haki, utamkataaje? Hapo ndipo nilipompata mhusika wangu mkuu wa sasa, mwanamke mwindaji anayewasaidia watu wa Kwamsheni kwa moyo safi, mpaka asubuhi moja wanatambua kwamba hakuna anayethubutu kuanza kula kabla yake. Na yeye mwenyewe anaogopa alivyokuwa. Ukinibana niseme simulizi yangu inahusu nini, inahusu hilo.

Dhidi yake niliweka baraza. Nililichukua kwenye sheria zetu za kweli: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu kati yao wawe wanawake. Nikawapa walowezi watu saba wanaokaa chini ya mti, mmoja wao lazima awe amefika mwaka huo huo, ili sauti ya mgeni isikosekane. Kesi za mipaka, za mbuzi walioingia shambani, za mjane na shemeji zake ndizo wasomaji wangu wanazozisubiri zaidi. Nilidhani watataka mapigano. Wanataka kujua shamba limekwenda kwa nani.

Sasa nifike kwenye kosa kubwa. Nimekuwa nikilizunguka.

Siku tatu kabla sijaondoka, bibi mmoja jirani wa mama mdogo alinichukua tukaenda kuokota kuni, akanielekeza mahali ambapo wazee walikuwa wakifanya matambiko ya mvua. Alinieleza kwa imani, kama mtu anavyomweleza mjukuu. Alitaja mti, njia, na maneno yanayosemwa kabla ya kupita. Sikumwuliza kama naruhusiwa kuyaandika. Niliporudi Tanga na kuanza simulizi upya, sehemu ya 6 nikaiweka yote humo: mti ule ule, kona ile ile ya njia, mwamba ule ule, maneno yale yale. Nilibadilisha jina la nchi tu. Ilisambaa kuliko sehemu yoyote niliyowahi kuandika. Nilikuwa nimefika wasomaji 58 na nilijiona nimefika.

Baada ya kama mwezi mama mdogo akapiga simu alfajiri. Hakusalimia. Vijana wa pale pale waliisoma, wakaitambua sehemu. Mmoja akaamua kwamba penye fingo, yaani kago lililofukiwa, pana mali, na kwa kuwa kule watu hawaachi kuota mali za Mjerumani zilizofukiwa, wakaenda usiku na sururu. Walichimba shimo la kimo cha mtoto kwenye mizizi ya ule mti. Hawakupata kitu. Mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, umetuvua nguo. Na yule bibi hajatoka ndani tangu juzi."

Niliifuta sehemu ile, lakini kitu kilichokwisha kupita kwenye simu 58 hakifutiki. Nilipanda tena mlimani wiki ile ile. Wazee walinisikiliza bila kunikatiza, na hilo lilikuwa gumu kuliko wangenigombeza. Wakataka kaniki, mbuzi na unga, na wakataka nifukie lile shimo kwa mikono yangu mwenyewe. Jumla ilikuwa shilingi 167,000, nilikopa kwenye kikoba chetu na nikalipa kwa miezi minne. Bibi alinipokea. Nilipiga magoti, akaniwekea mkono kichwani, akasema amenisamehe. Lakini hajanielekeza kitu kingine tangu siku hiyo, na mimi sijamwomba.

Kwa hiyo sikilizeni, wenzangu mnaoandika. Habari ya mtu haiwi yako kwa sababu uliisikia. Uliza: hili naweza kulisema? Na hata ukiruhusiwa, vunja mahali. Chukua mti kutoka mlima mmoja, mwamba kutoka mto mwingine, tunga maneno yako mapya, hakikisha hakuna mtu anayeweza kutembea kwa miguu mpaka ulipopaandika. Mimi sasa nina daftari mbili. Moja ina nilichosikia, haitoki nyumbani. Nyingine ina nilichobuni, na kati ya hizo mbili nakaa angalau mwezi.

Mengine ni madogo, nitayataja kwa haraka. Weka hesabu ya siku: mtu wa kwenye simulizi yangu alikuwa akitembea kutoka msituni mpaka pwani kwa asubuhi moja mpaka mwalimu wa Muheza aliponikumbusha kwamba amebeba mtoto na mzigo. Weka kalenda ya mvua na mavuno kabla ya kalenda ya vita. Nakala ya kazi yako itunze mahali pawili; mimi nilipoteza sehemu mbili kwa kukatika umeme. Na usiwatoze watu fedha ya sehemu ambayo hujaiandika. Nililazimika kurudisha shilingi 500 kwa watu 29, moja moja, na makato ya kutuma nikayabeba mimi.

Sasa nina wasomaji 73 na niko sehemu ya 23. Kila Alhamisi usiku, kabla sijarusha, nampigia mama mdogo namsomea yote, yeye akimenya mihogo na simu imeegemezwa kwenye sufuria, nasikia kisu. Alhamisi iliyopita nilimsomea mwindaji wangu anavyovuka mto wakati wa mavuno ya mahindi, maji yamejaa mpaka kifuani. Kisu kikasimama.

"Ngoja," akasema. "Mahindi yameshakauka, mto unajaa kwa mvua ya mwezi gani?"

Nikafungua kalenda.